Chuo Tanga: maswali ninayoulizwa kila Oktoba

Majina ya waliochaguliwa yakishatoka tu, simu yangu haikai kimya. "Dada samahani, namba yako nimepewa na fulani, nimepangiwa chuo Tanga." Huwa najibu mmoja mmoja mpaka kidole kinauma, na maswali ni yale yale. Mwaka huu nayaandika mara moja. Mimi natoka Njombe, nasoma utunzaji wa kumbukumbu. Nilianza na cheti cha awali, sasa namalizia stashahada, kwa hiyo hii ni Oktoba yangu ya tatu hapa. Tanga kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kuna VETA, kuna vyuo vya afya na vya watu binafsi, na kila kimoja kina taratibu zake za usajili. Hayo utasoma kwenye barua yako. Hapa nazungumzia maisha baada ya kutoka darasani.

Basi litanishusha wapi?

Kange, stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo ukishuka usidhani umefika. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Panda basi la alfajiri ili uingie jua lingalipo. Pale stendi atatokea kijana mchangamfu, atashika begi lako na kukuambia anakijua chumba kizuri karibu na chuo. Mshukuru, chukua begi lako, panda daladala au bajaji. Chumba hakitafutwi na mtu aliyechoka safari.

Niombe hosteli au nipange mtaani?

Mwaka wa kwanza, ukipata hosteli chukua. Nafasi huwa chache na wengi wetu tunaishia mtaani tu, lakini miezi michache ya hosteli inakupa muda wa kuujua mji kabla hujatoa kodi ya watu.

Nipange mtaa gani?

Hili ndilo swali nalopenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu mimi nililikosea.

Mji huu unagawanywa na reli. Upande wa baharini kuna ofisi, mabenki, hospitali ya Bombo, na ukiendelea mbele unafika Raskazone kwenye nyumba za wenye nazo. Upande wa pili ni Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina: barabara ya tano, ya nane, ya kumi na mbili. Mgeni anaipenda sana hesabu hiyo, anaona hawezi kupotea. Mimi nilipotea siku ya kwanza. Nilielekezwa "barabara ya kumi na mbili, pembeni ya msikiti", nikaenda nikihesabu barabara vizuri kabisa, nikasahau kwamba misikiti Ngamiani haihesabiki. Nje ya hapo kuna Chumbageni, Makorora, Mwanzange, Mikanjuni, Sahare, na kote huko wanafunzi wapo. Pima umbali kwa baiskeli, siyo kwa bajaji. Kama huwezi kufika darasani kwa dakika ishirini za kukanyaga pedali, nauli itakutafuna.

Lakini mtaa ni jambo la pili. La kwanza ni nyumba ina akina nani.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa na vigae chini, dirisha la aluminiamu na geti jeusi. Nilimpigia mama picha, akafurahi. Mwenye nyumba alikuwa anakaa mkoa mwingine. Tulikuwa wapangaji sita, kila mtu na kufuli lake, na salamu yetu ilikuwa sauti ya geti kufungwa. Mwezi wa pili nikaugua malaria. Nililala siku mbili, natapika kwenye ndoo, na hakuna aliyegonga. Walikuwa watu wazuri tu, walidhani nimesafiri. Aliyenikuta ni mwenzangu wa darasani, tena alikuja kudai desa lake, yaani notisi za kunakili.

Nilipopona nikahama. Chumba nilichopo sasa kiko kwenye nyumba ya Kiswahili hasa: mlango mkubwa mbele na baraza ya kukalia, ukumbi umepita katikati, vyumba kushoto na kulia, halafu uani kuna jiko, bomba, choo na kamba za nguo. Vigae hakuna, sakafu ni saruji nyekundu. Mwenye nyumba ni bibi mmoja wa Kidigo anayeishi humo humo. Ukipitisha saa mbili asubuhi hujatoka anagonga: "Wee mjukuu wangu, leo hukuamka, una nini?" Mwanzoni nilikereka, nikaona napelelezwa. Sasa nikisafiri namuaga, na nikirudi naulizwa nimemletea nini.

Kwa hiyo ukienda kuona chumba, usiende saa nne asubuhi wakati nyumba ni tupu. Nenda saa kumi na moja jioni, watu wako uani. Piga hodi, uone nani anaitikia. Ukiulizwa kwenu wapi, baba yako anafanya kazi gani, unasoma nini, usinune. Na wao wanakuchagua. Halafu inua macho uangalie juu: kama ni bati tupu bila dari, Januari na Februari upepo wa kaskazi ukiwa umeleta joto lake utalala uani. Maji hayasumbui sana hapa ukilinganisha na miji mingine, yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ila hakikisha bomba liko ndani ya ua.

Kwa nini wanataka kodi ya miezi sita?

Kwa sababu wanajua mwanafunzi akiishiwa anatoroka na ndoo zake usiku. Wenye nyumba wanaoishi na wapangaji hulegeza. Mimi nililipa mitatu, baada ya kusoma kitambulisho changu mbele ya Bibi kwa sauti, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, na ujiandikishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukipitia kwa dalali, malipo yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na humpi mpaka ufunguo uwe mkononi mwako.

Umeme mnagawanaje?

Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana, kwa hiyo elewa mita kabla hujalaumu mtu. LUKU ya nyumba iliyowekwa daraja la matumizi madogo inanunua uniti kwa bei ya chini sana, mradi nyumba nzima isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ikizidi, bei ya uniti inapaa, na fedha ile ile iliyowapa wiki mbili inawapa siku nne. Sasa fikiria vyumba sita, na mmoja kaleta hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Kwetu sheria ni fupi: pasi Jumapili tu, wote kwa zamu, hita marufuku. Feni na simu havina shida. Ukihamia nyumba usiulize tu "umeme shilingi ngapi", uliza nani ana friji.

Na maji ya moto ya kuogea Tanga unayatakia nini?

Ni kweli lazima niwe na baiskeli?

Hakuna atakayekulazimisha, lakini utaona mwenyewe. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, na kila mtu anaendesha: mzee wa kanzu, mwalimu, muuza maziwa, mama wa baibui na kikapu mbele. Kwetu Njombe, na vilima vile, msichana mkubwa juu ya baiskeli watu wanageuza shingo. Hapa aliyegeukwa nilikuwa mimi nilipokuwa natembea kwa miguu na begi saa saba mchana. Mpita njia mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeibiwa.

Nunua ya mtumba, usinunue mpya. Mpya inaibiwa kwa sababu inang'aa, na mwaka wa kwanza kutu ya chumvi ya bahari itaifikia tu. Kabla ya kulipa, iinue, zungusha tairi la nyuma, angalia kama linayumba. Bonyeza spoku mbili mbili, zilizolegea utazisikia. Kareja ya nyuma iwe imara, ndiyo itabeba ndoo, mchele na siku moja rafiki yako. Wasichana, hakikisheni ina kava ya cheni, la sivyo khanga au gauni litamezwa, nami nina gauni moja la kuthibitisha. Kufuli la mnyororo, siyo lile jembamba la waya. Taa kwa ajili ya usiku, kwa sababu bajaji hazikuoni.

Jirani na kila chuo kuna fundi baiskeli chini ya mwembe. Msalimie kila siku hata kama baiskeli yako nzima. Siku ya mtihani ukipata pancha atakuacha umpe hela jioni.

Chakula: nipike au nile kwa mama ntilie?

Vyote viwili. Asubuhi usipike. Chai ya rangi na maandazi au vitumbua vya jirani ni nafuu kuliko gesi utakayowasha. Mchana ukiwa chuoni, wali maharage wa mama ntilie. Usiku pika.

Mimi natenga kama elfu ishirini na tano kwa wiki kwa ajili ya jikoni: mchele, unga, maharage kilo moja, nazi nne au tano, dagaa, mafuta na mboga. Mtungi wa gesi ni ule mdogo wa kilo sita, na hauwashwi kwa maharage. Maharage nalowesha usiku, kesho yake nayapachika kwenye mkaa wa Bibi baada ya yeye kuepua chake, yanaivia makaa ya bure.

Nazi itakusumbua kama umetoka bara. Nilikaa juu ya mbuzi mara ya kwanza nikakuna vidole. Kukuna ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua tui lipi linaingia lini. Unachuja mara ya kwanza, tui zito, unaliweka pembeni. Unatia maji tena, unachuja tui jepesi, hilo ndilo linalochemkia na mchele au maharage. Zito linaingia mwishoni, moto mdogo, na unakoroga usiache likakatika. Mimi nilitia lote pamoja mwanzoni. Bibi alionja, akasema, "Umejitahidi." Ukiambiwa hivyo na mtu wa Tanga, mwaga upike upya.

Samaki wako Deep Sea, boti zinapofikia. Nendeni wawili watatu mchange mnunue fungu moja. Katikati ya mwaka kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi mbali na bei inapanda. Dagaa nao wana kalenda yao: wavuvi wanawavua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hawatoki na sokoni wanaadimika. Mimi siku hizi naangalia mbingu kabla ya kupanga bajeti. Mama akiniuliza nasoma nini huku, namwambia mambo mengi.

Mimi ni Mkristo. Ramadhani nitaishije?

Vizuri, na pengine utanenepa.

Tanga ni mji wa Waislamu wengi. Mwezi mtukufu ukiingia, vibanda vya chakula vingi vinafungwa mchana. Vinavyobaki huweka pazia. Hakuna atakayekupiga kwa kula, ila kutembea barabarani unatafuna muhogo saa nane mchana ni utovu wa adabu, na utaisikia adabu hiyo kwenye macho ya watoto. Kula chumbani, kunywa maji darasani pembeni, basi. Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda yako ya mitihani. Mwaka mmoja inaangukia likizo, mwaka mwingine inakaa juu ya mtihani, na wenzako waliofunga watakuwa wanafanya karatasi ya saa nane koo kavu. Kama mko kikundi kimoja cha majadiliano, hamishieni usiku baada ya tarawehe. Watakuwa macho, na kahawa ipo.

Nyumbani kwetu mwaka wa kwanza sikujua nifanye nini magharibi ikiadhiniwa. Nilijifungia chumbani kwa heshima, nikidhani nawapisha. Bibi akagonga na sinia: muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga. "Mbona unatukimbia? Futari haimuulizi mtu dini." Siku ya tatu nilikuwa nakuna nazi mimi. Lakini usiwe wa kupokea tu. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama ni ndizi mbili au sukari nusu kilo, weka. Krismasi niliyobaki hapa kwa sababu ya nauli nilipika pilau, nikaisambaza vyumba vyote sita, na mpaka leo kuna mtu ananikumbusha kwamba chumvi ilipungua.

Nivae nini?

Chuoni, kanuni za chuo. Nyumbani, msichana akitoka kwenda bombani ajitupie khanga. Mvulana asipite kifua wazi mbele ya wazee barazani. Hakuna atakayekudai baibui. Njoo na nguo nyepesi za pamba, na sweta lako la Njombe liache Njombe.

Nisalimie vipi?

Polepole! Ukipita barazani mbele ya watu wazima unapunguza mwendo, unashuka kwenye baiskeli ukiweza, "shikamoo", unasubiri jibu, unaulizwa habari za nyumbani, za masomo, unajibu moja moja. Ukikuta watu wanakula na wakakukaribisha, jibu ni "starehe", halafu unapita, isipokuwa ukikaribishwa mara ya tatu kwa kuvutwa mkono. Mwaka wa kwanza nilichelewa vipindi kwa ajili ya salamu. Sasa natoka dakika kumi mapema.

Nitapata mkopo?

Wengi wenu hapana. Bodi ya Mikopo ilianza kuwapa mikopo wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, na ni kwa fani zilizotajwa tu, kama vile afya, ualimu, uhandisi, kilimo na mifugo. Fani yangu haikuwemo. Kama yako imo, soma mwongozo wa mwaka huo mwenyewe, usitegemee aliyeambiwa na aliyeambiwa. Kama haimo, basi bumu, yaani fedha ya mkopo, utalisikia kwa wenzako wa vyuo vikuu. Ukitumiwa fedha na nyumbani, omba ije kidogo kidogo kila wiki mbili. Laki mbili mkononi mwa mtu wa miaka kumi na tisa huwa na mbawa.

Masomo ni magumu? Sapu ni nini?

Sapu ni mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Unaufanya wakati wenzako wako kwao likizo, unalipia chakula na kodi ya wiki ambazo hukuzipangia. Ukizidisha masomo ya kufeli kupita kiwango cha chuo unadisko, yaani unarudi nyumbani moja kwa moja. Ninaowajua walioshika sapu hawakuwa wajinga. Waliamini madesa. Desa la mwaka juzi lina majibu ya maswali ya mwaka juzi, na makosa ya aliyeliandika yako palepale. Mimi somo la takwimu niliponea chupuchupu kwa sababu ya desa lililochanganya wastani na namba ya katikati.

Joto ndilo adui wa pili. Kuanzia saa saba hadi saa kumi usijidanganye unasoma chumbani. Kalale, au nenda maktaba ya mkoa mjini, pana utulivu na kivuli. Msuli wa kweli, yaani kusoma kwa bidii, ni baada ya isha au alfajiri. Adhana ya kwanza ni saa ya kengele isiyohitaji chaji.

Nikimaliza stashahada naweza kwenda digrii?

Ndiyo, na jambo hili lijue leo, usilisubiri mwaka wa tatu. Kwa mwenye stashahada, vyuo vikuu huanzia GPA, yaani wastani wa pointi zako, ya 3.0, na kozi nyingine zinadai zaidi. Ngazi ya sita, yaani stashahada, alama A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Piga hesabu mwenyewe uone C tano zinakupeleka wapi.

Kuna kazi ndogo ya kufanya nikiwa nasoma?

Ipo kwa anayejua kitu kimoja vizuri. Kusuka nywele kunalipa kuliko yote, hasa wiki ya Idi. Kuna wanaochapa kazi za wenzao, wanaouza barafu za ubuyu kwa kutumia friji ya mwenye nyumba (kumbuka habari ya uniti 75), wanaofundisha watoto wa jirani hesabu jioni. Mimi nilianza kuwaandikia wazee wa mtaani barua na kuwapangia makaratasi: hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, risiti. Malipo yalikuwa mayai, maembe, mara moja moja elfu tano. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nipende fani yangu. Kuna babu alikuwa na hati ya shamba la mkonge la tangu wakati wa baba yake, ameikunja ndani ya kopo la maziwa. Tulipoikunjua ikakatika vipande vinne.

Na kwa kuwa nimeutaja mkonge: utausikia kila mahali Tanga, na ni haki yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kilimo chote cha mkonge unachokipita ukiwa kwenye basi kilianzia kwenye hiyo sitini na mbili. Siku ukikata tamaa na matokeo, ikumbuke.

Fildi (mafunzo kwa vitendo ofisini) nitapata wapi?

Omba mapema, miezi miwili kabla, kwa barua ya chuo mkononi na siyo kwa simu. Halmashauri, bandari, mahakama, hospitali, wote wanapokea lakini nafasi zinajaa. Mimi nilipangiwa masijala ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Wiki ya kwanza nilitumwa vitafunwa. Wiki ya pili jalada moja likapotea, mkubwa akawaka, na ikaonekana hakuna aliyeandika limetoka na nani. Nikaomba daftari, nikaanza kuandika kila jalada linalotoka, tarehe, jina na saini, na kuzipa barua namba za folio, yaani namba ya kila barua ndani ya jalada, kwa mpangilio kama tulivyofundishwa. Jalada lenyewe lilikutwa chini ya chupa ya chai. Vitafunwa akaanza kutumwa mwingine.

Ni kweli Tanga kuna uchawi? Na kwamba ukifika huondoki?

Wanasema "waja leo, waondoka leo", halafu wanacheka, kwa sababu wanaoondoka hawaonekani. Katika miaka mitatu sijaona jini. Nimeona vijana wa bara waliokuja na mipango ya kurudi kwao, wakapikiwa mara mbili, leo wana watoto Makorora. Ukitaka kuita uchawi, ita.

Jumapili sina hela, niende wapi?

Raskazone kutazama bahari, bure. Mkwakwani kukiwa na mechi ya Coastal Union, usisahau kuuliza kwanza jirani yako ni Coastal au African Sports. Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kaskazini mwa mji, kwa baiskeli mnafika, kiingilio mchange. Kama unapenda Kiswahili, elekea kusini upande wa Machui: Shaaban Robert alizaliwa huko, Vibambani, mwaka 1909. Mimi nilikwenda na wenzangu wanne na chapati kumi na mbili.

Nikiumwa?

Homa ya kwanza, kapime. Usinunue dawa kwa kuhisi. Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kabla ya hapo kuna vituo vya afya mitaani. Kamilisha bima yako wiki ya kwanza, chandarua kitundike kabla ya godoro. Na mwachie mtu mmoja wa nyumbani kwako hapa namba ya simu ya mama yako.

Ukimaliza Julai, chumba chako nani anakichukua?

Mmekwisha kuniuliza watu saba. Sina mamlaka nacho. Bibi anasema anataka msichana au mvulana, haidhuru, mradi asiwe na hita na ajue kusoma kwa sauti, kwa sababu miwani mipya hajanunua na magazeti anayasikiliza. Ukija kujaribu bahati yako, njoo jioni, pitia mlango wa uani. Ule wa mbele huwa ameulalia.